Naombeni ushauri wa haraka: kocha bora wa Alabama ni Bear Bryant au Nick Saban?

Kijana wa Korogwe:
Habari za humu wakuu. Naenda moja kwa moja maana usingizi sipati. Mlioko Marekani au mnaofuatilia ule mpira wao wa kubeba mkononi, hasa wa vyuo, naombeni hoja nzito. Pale Chuo Kikuu cha Alabama kocha bora wa muda wote ni nani, Paul Bryant waliyekuwa wanamwita Bear, au Nick Saban? Jumapili natakiwa nilijibu hili swali mbele ya watu wazima na sitaki nionekane nimekurupuka. Mimi upande wangu ninao ila kwanza nataka nisikie wenzangu. Matusi hapana tafadhali.

Nguli77:
Mbona hili halina mjadala mkuu. Saban. Alikuja 2007 timu imechoka, msimu wa kwanza kafungwa nyumbani na Louisiana-Monroe watu wakamcheka, kilichofuata kila mtu anakijua. Ubingwa wa taifa 2009, 2011, 2012, 2015, 2017 na 2020, hiyo ni mara 6 hapo Alabama peke yake, mwingine aliubeba akiwa chuo cha LSU kule Louisiana 2003. Ushindi 201 vipigo 29 kwa hesabu rasmi. Kuanzia 2008 mpaka anastaafu Januari 2024 hakuna msimu hata mmoja aliokosa ushindi wa mechi 10. Nani mwingine?

Huntsville Mbongo:
Nguli umeongea kishabiki. Mimi naishi huku Alabama, ngoja nimtetee mzee. Bryant alikaa miaka 25, 1958 mpaka 1982, kashinda mechi 232, kafungwa 46, sare 9. Ubingwa 6 na yeye: 1961, 1964, 1965, 1973, 1978, 1979. Wakati wake msimu ulikuwa na mechi 10 mpaka 12 tu, sio hizi 14 na 15 za sasa. Na ule wa 1966 alimaliza bila kufungwa wala sare na bado wapiga kura, maana zamani bingwa alichaguliwa kwa kura, wakawapa chuo cha Notre Dame waliokuwa na sare ya 10–10 na Michigan State. Mpaka leo ukienda Tuscaloosa, mji wa hicho chuo, wazee wakikumbushia hiyo 1966 sauti zinapanda. Uwanja unaitwa Bryant-Denny, barabara ya pembeni jina lake, makumbusho jina lake. Huyo ndiye aliyeijenga nyumba, Saban amekuja kupiga rangi.

Nguli77:
Rangi ya ubingwa 6? Na zile za Bryant kuna mbili zina walakini. Mwaka 1964 walitangazwa mabingwa halafu wakaenda kufungwa na Texas 21–17 kwenye Orange Bowl, mechi ya mwisho wa msimu. Mwaka 1973 hivyohivyo, kura za makocha zilipigwa kabla, wakafungwa na Notre Dame 24–23. Saban mataji yake yote ya Alabama yameamuliwa uwanjani. Halafu kumbuka zamani hakukuwa na kikomo cha taifa cha wachezaji wanaolipiwa masomo, cha kwanza cha 105 kimekuja 1973. Bryant alikuwa anaweza kuchukua mchezaji ili tu asiende kwa mpinzani. Saban amefanya kazi na 85.

Afisa Mstaafu:
Vijana mnasahau historia. Bila kocha Wallace Wade hakuna Bryant wala Saban. Tarehe 1 Januari 1926 aliipeleka Alabama California kwenye Rose Bowl, timu ya kwanza ya kusini kucheza pale, watu wa kule wakawadharau, wakamfunga Washington 20–19. Ubingwa wa 1925, 1926 na 1930. Huo ndio msingi. Bryant mwenyewe alikuja pale kama mchezaji baada ya Wade kuondoka. Mleta uzi taja Wade na watu wazima wote watakuheshimu.

Mama Tunu:
Mwanangu mimi mpira siujui, nauliza tu. Watu wazima gani hao? Maana mtu hakosi usingizi kwa ajili ya kocha.

Kijana wa Korogwe:
Mama Tunu shikamoo. Ni wakwe watarajiwa. Niko Birmingham ya Alabama, mchumba wangu ni wa hukuhuku, Jumapili ni ile siku yao ya akina baba, kutakuwa na nyama choma nyumbani kwao na ndugu wote watakuwepo. Baba yake ni shabiki wa damu wa Alabama, alimwambia binti yake niende na jibu langu. Ndiyo hivyo tu. Afisa, asante kwa Wade ila nadhani swali lake ni la hao wawili.

Mnyama Milele:
Ukweni! Hapo sasa nakuelewa. Mimi nilienda kujitambulisha Tabora, mjomba wa mke wangu Yanga wa kutupwa, mimi Simba tangu tumboni. Nikajifanya mpira sifuatilii. Bahati mbaya mtoto wa shemeji akashika simu yangu, kioo kizima ni picha ya Simba. Mzee akaangalia, akaniangalia mimi, akasema mahari inaongezeka. Nilidhani utani mpaka barua ilipokuja. Kaka usidanganye ukweni, watakukamata tu.

Sheikh Pweza:
Ndoa haisimami juu ya makocha ndugu zangu. Kijana aulizwe swala, aulizwe kazi, aulizwe nia. Mzee anayempima mkwe kwa mpira na yeye ana la kujibu mbele ya Mola.

Omosh wa Rongai:
Boss enda na Saban uishi. Huyo mwingine alikufa kitambo, hakuna atakayekuuliza maswali mengi. Binamu yangu ako Atlanta, anasema hao watu wa Alabama wakiongea hiyo mambo hata kanisani pasta anamaliza mapema.

Huntsville Mbongo:
Mkuu Korogwe, umesema upande wako unao. Upi? Na mzee ana umri gani? Hilo lina maana kubwa kuliko takwimu zetu hizi.

Kijana wa Korogwe:
Mimi ni Bryant. Nimesoma sana habari zake. Mtoto wa mkulima wa Arkansas, familia maskini, jina la Bear lilitokana na kupigana mieleka na dubu wa sarakasi akiwa kijana. Kafa tarehe 26 Januari 1983, hata mwezi haujaisha tangu mechi yake ya mwisho. Mtu wa namna hiyo ndiye kocha. Na kwa kuwa mmeuliza, zawadi nimeshanunua, ile kofia yake ya draftidrafti nyeusi na nyeupe, nimeshonesha jina la mzee kwa ndani kwa uzi mwekundu. Ni kofia ya heshima, hata binti kasema imetulia. Mzee ana miaka sabini na kitu.

Mama Tunu:
Kama kofia imeshanunuliwa na jina limeshashonwa, hapa unaomba ushauri wa nini mwanangu?

Kijana wa Korogwe:
Hoja tu mama, za kuitetea.

Huntsville Mbongo:
Swali moja na usikasirike. Hao wakwe zako ni Wamarekani weusi?

Kijana wa Korogwe:
Ndiyo. Sidhani kama inahusiana.

Huntsville Mbongo:
Inahusiana kuliko yote tuliyoandika toka juu. Mzee wa miaka sabini na kitu, mweusi, kakulia Birmingham. Juni 1963 gavana wa Alabama alisimama mlangoni pale chuoni kuzuia wanafunzi weusi wawili wasijiandikishe. Septemba mwaka huohuo kanisa la mtaa wa 16 likalipuliwa hapo Birmingham, mabinti wanne wakafa. Yeye alikuwa mtoto anaona na kusikia yote hayo. Na ile timu inayochukua ubingwa 1961, 1964, 1965 ilikuwa ya wazungu watupu. Mchezaji mweusi wa kwanza kuingia uwanjani na jezi ya Alabama ni John Mitchell, 1971. Kentucky, ligi ileile ya SEC, Nate Northington alishacheza 1967. Sasa wewe unakwenda kumvisha huyo mzee kofia ya Bryant kichwani mbele ya ndugu zake.

Nguli77:
Duh. Hapo hata mimi nimekaa kimya.

Afisa Mstaafu:
Tuwe waadilifu. Bryant alishamsajili mchezaji mweusi Wilbur Jackson kabla ya ile mechi maarufu ya Septemba 1970, USC, chuo cha Los Angeles, walipokuja uwanja wa Legion Field hapo Birmingham wakashinda 42–21 na mchezaji wao mweusi Sam Cunningham akapita kwenye ukuta wa Alabama anavyotaka. Watu wanasimulia kama vile mechi moja ndiyo ilifungua mlango, mlango ulikuwa umeshaanza kufunguka. Mwaka uliofuata Bryant aliwafuata USC kwao Los Angeles na mfumo mpya na kikosi chenye Mitchell, akawafunga 17–10. Mtu aliyebadilika apewe haki yake.

Huntsville Mbongo:
Haki yake anayo Afisa, ila hakuwa kocha mdogo wa kuogopa kufukuzwa. Mwaka 1965 angetaka kufanya lolote Alabama nani angemzuia? Wapo wanaosema gavana, wapo wanaosema alisubiri upepo. Mimi namwona kocha mkubwa sana aliyechelewa. Ila mimi nilikuja huku mtu mzima, huyo mzee ndiye aliyekuwa upande wa nje wa mlango.

Kijana wa Korogwe:
Jamani mnaipeleka mbali. Mzee mwenyewe ni Alabama damu. Sebuleni kwake kuna fremu ya ukurasa wa gazeti wa Januari 2018, ile waliyoifunga Georgia 26–23, DeVonta Smith anadaka mpira wa Tua. Pembeni yake picha ya marehemu mama yake. Shabiki wa hivyo atamchukiaje Bryant? Na kiukweli nilishamjibu. Alinipigia simu wiki iliyopita akauliza nikasema Bryant. Akanyamaza, baadaye akasema tutaongea Jumapili. Kwa hiyo siwezi kugeuka tena, nitaonekana sina msimamo.

Mama Tunu:
Eeeh! Sasa ndiyo umesema. Toka mwanzo ulikuwa umeificha hiyo simu.

Mnyama Milele:
Wakuu mimi naona tunanyweshwa chai hapa. Mwanzo ni watu wazima, ikawa wakwe, ikaja kofia, sasa simu. Kila tukiuliza inaongezwa sukari. Na mzee shabiki wa damu wa Alabama asiyempenda Bryant, inawezekanaje? Kama mtu aseme ni Yanga lakini hataki jangwani. Huyu anataka hoja za kuandikia makala yake.

Kidawa:
Nimepekua. Mwaka jana akaunti hiihii ilikuwa inauza kuku wa kienyeji Kibaha, na namba ya simu ya hapahapa Bongo. Birmingham ya wapi?

Omosh wa Rongai:
Haha imeisha. Kuku wa Alabama.

Kijana wa Korogwe:
Kuku ni wa mdogo wangu, hii akaunti tulikuwa tunatumia wote kabla sijasafiri. Sina sababu ya kudanganya. Kofia iko kwenye boksi hapa mbele yangu. Anayetaka aamini, asiyetaka apite. Nyie wa makala, makala ya nini sasa hivi Juni hakuna hata mechi?

Sheikh Pweza:
Dhana nyingine ni dhambi. Tumjibu kwa kadiri alivyouliza.

Huntsville Mbongo:
Mimi namwamini, na nitawaambia kwa nini. Hilo mnaloliita haliwezekani mimi nimelikuta kazini kwangu. Wapo wazee weusi huku wanaipenda Alabama ya leo kwa moyo wote na jina la Bryant hawalitaji. Wakati ule mapenzi yao yalikuwa kwenye vyuo vya watu weusi. Ukimuuliza mzee wa hivyo kocha mkubwa ni nani atakuambia Eddie Robinson wa Grambling, kule Louisiana, aliyefundisha kuanzia 1941 mpaka 1997. Ndiye aliyevunja rekodi ya Bryant ya ushindi 323 mwaka 1985 na akamaliza na 408. Hiyo mtu wa chai hawezi kuijua. Na angalia alichosema mwenyewe cha sebuleni: ukutani pana DeVonta, pana mama mzazi. Korogwe, Bryant umemwona popote humo ndani? Hata kikombe?

Kijana wa Korogwe:
Hapana. Sijamwona.

Nguli77:
Basi nyumba imeshakujibu. Kofia iache garini.

Kijana wa Korogwe:
Kofia nimeshalipia na imeshashonwa jina, duka hairudishwi. Na nikienda mikono mitupu ndiyo vibaya zaidi. Mimi bado naamini Bryant ni mkubwa kuliko Saban kwa mpira wenyewe, hilo sitalificha, mtu anaweza kuwa mkubwa na akawa amechelewa kama Huntsville alivyosema. Nitasema hivyo.

Mama Tunu:
Mwanangu, nimezaa na nimeozesha. Huyo baba hakuuliza kocha. Alinyamaza kwenye simu kwa sababu ana jambo lake la miaka mingi na anataka aone kama mtu anayemchukulia binti yake anaweza kukaa akalisikiliza. Nenda mapema kabla wageni hawajajaa, beba nyama na soda, ukae naye uani. Mwambie baba, nilikujibu kwa niliyoyasoma, wewe ulikuwepo, naomba unisimulie. Halafu ufunge mdomo. Akimaliza kama bado unataka kumtaja Bryant mtaje.

Afisa Mstaafu:
Mama Tunu kamaliza. Mimi naongezea, akifika 1970 mwache aseme alikuwa wapi siku ile, usimkatishe kwa takwimu za Cunningham.

Mnyama Milele:
Sawa nimerudisha maneno yangu ya chai, ila mrejesho Jumatatu tunautaka na picha ya hiyo kofia.

Kijana wa Korogwe:
Mrejesho utakuja. Kofia nitaibeba ila ndani ya begi, binti ndiye ataamua itoke au isitoke, yeye anamjua baba yake. Huntsville, huyo Robinson alishawahi kukutana na Bryant uwanjani?

Huntsville Mbongo:
Hapana, hawakuwahi kupangiwa mechi. Ukimuuliza mzee hilo swali, kaa mkao wa kula, chakula kitapoa.