Kamera refabishi ya kiwandani kutoka Marekani: nijilipue au nichukue mtumba wa Kariakoo?

PichaMoro (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Naenda kwenye mada moja kwa moja.

Mimi ni mpiga picha hapa Morogoro: harusi, kipaimara, mahafali. Natumia Canon 700D tangu 2015. Mchana haina neno. Kasheshe ni ukumbini. MC akizima taa ili maharusi waingie, nikipandisha ISO (kipimo cha kamera kuhisi mwanga) mpaka 3200 picha inajaa chenga, shela la bibi harusi linakuwa kama limenyunyiziwa pilipili manga. Mwezi uliopita mama mmoja kaniuliza mbele ya kamati nzima kwa nini picha za simu ya mwanawe zimetoka safi kuliko zangu. Sikuwa na jibu.

Nimetenga milioni 2 na laki 3. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Minnesota na anakuja Desemba. Kaniangalizia EOS RP kwenye duka la mtandaoni la Canon wenyewe kule, bodi tupu bila lenzi dola 749, ila wameandika kuwa ni refabishi ya kiwandani. Upande wa pili kuna jamaa Kariakoo ana Canon 6D ya mtumba na lenzi ya 24-105, anataka milioni 1 na laki 9.

Hiyo refabishi ni nini hasa? Ni mbovu iliyopakwa rangi au ni kitu cha kuaminika? Lenzi zangu ni 18-55 iliyokuja na kamera, na 50mm f/1.8. Nawasilisha.

Kitonga255

Mkuu refabishi ni kamera mtu karudisha kwa sababu inasumbua. Harusi hairudiwi. Subiri ujazie, chukua mpya.

FundiLenzi

Kitonga, taratibu. Nimefungua kamera miaka 14, acha niseme ninachokijua.

Zinazorudi kwa mtengenezaji ni za aina nyingi. Kuna mtu kanunua, kafungua boksi, kapiga picha 40 za paka, kaona haimfai karudisha. Kuna zilizokaa kwenye maonyesho zikishikwashikwa na kila mpita njia. Kuna boksi lililobonyea njiani. Na ndiyo, kuna zilizokuwa na hitilafu kweli. Zote hizo haziruhusiwi kuuzwa tena kama mpya, kwa hiyo zinapita kwa mafundi wa kampuni, zinapimwa, chenye kasoro kinabadilishwa, zinauzwa kwa bei ya chini na waranti ya kampuni. Mimi naiamini hiyo kuliko mpya iliyokaa miaka mitatu kwenye kabati la vioo linalopigwa na jua la saa nane.

Ila shika hili: neno "refabishi" halina mwenyewe. Anayeuza akiwa mtengenezaji, lina maana niliyoitaja. Akiwa mtu wa kati, maana yake inaweza kuwa kafuta vumbi kwa kitambaa, kabandika gundi kwenye raba iliyovimba, kaweka kwenye boksi. Kwa hiyo ukiona neno hilo, uliza imetengenezwa upya na nani, na ikigoma unamrudishia nani.

Huyo wa Kariakoo mfuate na tochi. Angalia reli za pale juu inapokaa flashi. Rangi nyeusi ikiwa imekwanguka mpaka chuma kinang'aa, hiyo imeshakula harusi nyingi. Geuza chini uangalie vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, fundi kama mimi ameshapita humo, na hujui aliingia kufanya nini. Kisha omba aiunganishe na kompyuta uone shata (pazia la ndani linalofunguka kila ukipiga picha) imepiga mara ngapi, maana Canon nyingi haziandiki hesabu hiyo ndani ya picha, tofauti na Nikon. Shata ya 6D ilipimwa kwa mapigo laki moja. Haimaanishi itakufa siku hiyo, lakini ukikuta elfu 95 shusha bei au ondoka.

MzeeShata

Fundi kasema kweli. Mimi nilipigwa 2019 na duka moja, jina nalihifadhi. Boksi limefungwa nailoni, limebandikwa "refurbished" kwa herufi za dhahabu. Nafika nyumbani nawasha, menyu ni Kijapani kitupu. Natafuta pa kubadili lugha, lugha ni hiyo hiyo moja! Ilikuwa ya kuuzwa Japani tu. Namba ya chini ya kamera na ya kwenye boksi ni mbingu na ardhi. Nilirudi asubuhi yake, nikaambiwa "mzee, si inapiga picha?"

Nilikaa nayo mwaka. Menyu niliikariri kama mtoto wa madrasa: mara tatu kulia, mara mbili chini, hapo ni kufomati kadi. Siku moja nikakosea hesabu, nikafuta kipaimara.

Kitonga255

😂😂 Pole mzee. Ulifuta chote?

MzeeShata

Chote. Nikaenda kuwapiga upya nyumbani kwao, na keki ya pili kwa gharama zangu.

BintiMtanga

Msisahau lenzi. Huku kwetu Tanga unyevu haukuachi salama. Hiyo 24-105 ya mtumba, itoe kwenye kamera, mulika tochi upande wa nyuma, wewe chungulia mbele. Ukiona kitu kama utando wa buibui au nyuzinyuzi zimejichora kwenye kioo, hiyo ni fangasi. Inakula ile rangi ya juu ya kioo, hata ikisafishwa alama hubaki. Kuna wenzetu wanaweka lenzi kwenye mchele eti ukauke. Ni vumbi tupu. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko mgumu, weka vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Dada_Dallas

Mimi niko huku Marekani, nilinunulia mdogo wangu refabishi ya kiwandani na mpaka leo inadunda. Ila kuna jambo hamjaligusa: waranti ya huku inatumika huku. Kamera ikishapanda ndege, waranti unaihesabu imeisha. Ikigoma Morogoro huna pa kuipeleka ila kwa FundiLenzi.

Kwa hiyo kaka, huyo dada yako asinunue wiki ya safari. Anunue mapema, wiki sita kabla, halafu aitumie. Asiifunge tena kwenye boksi eti ifike mpya! Aipige kila siku. Kasoro za kiwandani mara nyingi hujitokeza mwanzoni, na hapo bado yuko ndani ya siku za kurudisha (asome ni ngapi kabla ya kulipa). Betri aziweke kwenye begi la mkononi, zisiingie kwenye mzigo wa chini.

PichaMoro

Dada umenifungua macho, hilo sikuliwaza kabisa. Ila dada yangu kamera haijui, ni nesi. Nimpe maelekezo gani?

FundiLenzi

Mwandikie haya kwa WhatsApp. Aweke f/16 (tundu dogo la mwanga), apige anga au ukuta mweupe bila kitu kingine. Akiikuza picha na kuona vidoa vyeusi vinavyokaa mahali pale pale kila picha, hiyo ni taka kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha. Kisha afunge mfuniko wa lenzi, apige sekunde 30 gizani: vinukta viwili vitatu vya rangi ni kawaida, vikijaa kama nyota arudishe. Abonyeze kila kitufe, azungushe kila gurudumu. Apige watoto wakikimbia aone kama otofokasi inawafuata. Achomoe kadi na kuirudisha mara kumi. Video dakika 15 mfululizo.

Na wewe PichaMoro piga hesabu zako vizuri, maana dola 749 siyo bei ya mwisho. Kule kodi ya jimbo huongezwa kaunta, haimo kwenye bei uliyoiona. RP haipokei lenzi zako moja kwa moja, lazima adapta. Hiyo 18-55 yako ni ya kamera za sensa ndogo. Ukiivisha kwenye RP yenyewe inakata picha, kutoka megapikseli 26 unabaki na kama 10. Kwa hiyo umebaki na 50mm peke yake. Betri za 700D haziingii, na ya RP ni ndogo, Canon wenyewe wanaipima picha 250 hivi. Harusi ya Kiluguru inaanza saa tano asubuhi inaisha usiku wa manane: betri nne. 6D inameza betri kubwa, siku nzima unatumia mbili. Na zote mbili zina tundu moja tu la kadi, hapo hakuna mshindi.

Ningekuwa wewe na ile 6D ikapita tochi, ningeichukua. Lakini mimi ni mzee, napenda kamera yenye kioo cha ndani kinachopiga kelele kila ukipiga picha, na RP haina.

JamaaWaLuthuli

Hapa Nairobi sisi tulihamia RP kitambo. Ile kitu inashika jicho la bibi harusi haiachilii, hata akicheza. Lakini kama unafanya video ya 4K, jua inakata picha sana na fokasi yake huko ni ya kubahatisha. Shoot 1080 uishi vizuri. Pia ikitoka Marekani itakuwa kwa NTSC, mfumo wa video wa huko. Badilisha iwe PAL, mfumo wetu, kwa menyu, stima yetu ni hezi 50, la sivyo taa za ukumbi zitakuchezea.

PichaMoro

Nashukuru wote. Jumamosi nilipanda basi mpaka Kariakoo na tochi yangu. Reli za flashi zinang'aa kama sufuria. Kuunganisha kwenye kompyuta jamaa kagoma, eti "bro, hii ni kamera, siyo gari, usiulize kilomita". Nimerudi zangu Moro. Nimemtumia dada hela.

PichaMoro

Mrejesho wakuu, mlioniomba.

Dada alinunua mwanzoni mwa Novemba. Boksi la kawaida tu, halina mapambo, ndani kila kitu kipo. Siku ya tatu ananipigia saa tisa usiku: "Mdogo wangu tumepigwa, picha ya anga imejaa madoa." Nikakosa usingizi. Akanitumia picha tano, madoa kweli kila mahali, ila kila picha yako sehemu tofauti. Namuuliza dada, huko nje kukoje? Ananijibu theluji inaanguka tangu asubuhi.

Kapiga ukuta wa jikoni, safi.

Imefika. Adapta na betri tatu vimekula akiba yote, nina deni la laki moja na nusu kwa mke wangu, na riba yake anaijua yeye. Jumamosi nimefanya sendofu ya kwanza. ISO 6400, shela jeupe, unahesabu shanga. Ila PAL nilisahau! Video ya keki ina mistari inapanda juu kama maji kwenye kioo cha gari. Nimebadilisha usiku ule ule, mteja bado hajaiona.

JamaaWaLuthuli

Si nilikuambia!

Dada_Dallas

Hongera kaka. Msalimie nesi wetu, mwambie theluji haina waranti.

Kitonga255

Sawa nimekubali. Hiyo 700D unaiachia kwa ngapi? Reli za flashi zikoje?