Excel yangu imeweka lei 4 kwenye mbio moja, naombeni ushauri

Kitunguu_Maji:
Wakuu, habari za jioni. Niko Uingereza, mchana napanga mizigo ghalani, jioni nacheza soko la Betfair upande wa mbio za farasi. Kwa mliozoea mikeka ya nyumbani: hapa hupambani na kampuni, wachezaji mnabetiana wenyewe kwa wenyewe. Unaweza kubeti farasi ashinde, tunaita bek (siyo beki wa mpira), au ukabeti asishinde, hiyo ndiyo lei. Mshindi simtafuti. Naingia odi ikiwa juu, ikishuka natoka kabla farasi hawajaachiwa getini.

Mfano, nabek paundi 20 kwa odi 5.0. Ikifika 4.5 nachukua 20 × 5.0 ÷ 4.5, napata 22.22, nalei kiasi hicho. Ashinde asishinde, nina kama paundi 2.22 kabla ya komisheni.

Macho yalipochoka nikaunganisha Excel na programu inayovuta odi za soko na kusoma amri kwenye seli. Ya lei niliiandika hivi (F9 ni seli ya odi ya farasi wangu): =IF(F9<=4.5,"LAY",""). Programu ikishaweka dau inaandika PLACED kwenye seli ya jirani na hairudii mpaka seli hiyo ifutwe. Nami, kwa ujanja wangu, nikatunga makro (programu ndogo ndani ya Excel) inayoifuta kila amri inapotoweka, ili shiti iwe safi kwa mbio inayofuata.

Jumamosi, mbio za usiku Wolverhampton. Nimekwenda jikoni kuepua chai, narudi na kikombe nakuta lei nne za 22.22 zimepangana kama sahani. Farasi akashinda. Bek ikanipa 80, lei zikadai 311.08 (kila moja 22.22 × 3.5). Nimeliwa paundi 231. Nimekosea wapi?

Fundi_Seli:
Pole mkuu. Programu haina kosa, ni hiyo makro yako. Dakika za mwisho odi haitulii, inapepesa 4.5, 4.6, 4.5, 4.6. Ikifika 4.6 amri inatoweka, makro inafuta PLACED. Ikirudi 4.5 shiti inajiona haijawahi kulei maishani mwake. Ilipepesa mara nne, ukalei mara nne.

Fomula haina kumbukumbu, inaona odi ya sasa tu. Tenga seli moja ya kumbukumbu. Lei ya kwanza ikiingia, makro iandike humo IMETOKA, na fomula iikague kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Seli hiyo isafishwe jina la mbio likibadilika tu: hifadhi jina la zamani pembeni, ulilinganishe na jipya.

Chiku_wa_Leicester:
Kuna bomu jingine humo hamjaligusa. Seli tupu Excel inaihesabu sifuri. Soko likisimamishwa na F9 ikabaki wazi, sifuri ni ndogo kuliko 4.5, fomula inapiga LAY! Weka F9>1 ndani ya AND. Odi ya chini kabisa sokoni ni 1.01, hutakosa kitu.

Na usiitegemee F9 kama F9. Farasi akiondolewa dakika za mwisho mistari inaweza kusogea, kumbukumbu ya huyu ikaangukia kwa yule. Mtafute farasi kwa jina, fomula ya MATCH ipo.

Mama Zuhura:
Wanangu mnajadili seli, mimi nauliza hiyo 231 ilikuwa ya nini. Kama ilikuwa ya kodi ya nyumba, hapo Uingereza kuna GAMSTOP, unajiandikisha bure unafungiwa milango yote ya kubeti mtandaoni yenye leseni ya huko. Sikusemi vibaya, mwanangu. Nauliza tu.

Kitunguu_Maji:
Shikamoo mama. Siyo ya kodi, ila ilikuwa nauli ya Desemba, sikufichi.

Tiki_Moja:
Marahaba usingoje kwa mama peke yake, nami nina swali. Umetuonyesha odi ikishuka. Ikipanda je? Kutoka 5.0 hadi 6.0, unatoka kwa lei ya 16.67 na umepoteza 3.33. Ile 2.22 ikikatwa komisheni ya asilimia 5 inabaki 2.11. Kwa hiyo panda moja kama hiyo inakula zaidi ya shuka moja na nusu. Kwenye shiti yako sioni fomula ya kutoka kwa hasara hata moja! Bila hiyo, odi ikipanda unabaki na bek yako mpaka farasi wanakimbia, na hapo umeshakuwa mbetiji wa kawaida.

Mimi niliandika biashara zangu 200 kwa mkono daftarini kabla sijagusa makro. Daftari ndilo lililoniambia nilikuwa napoteza.

Kitunguu_Maji:
Mkuu, hapo umenigusa. Mrejesho: jana nimeweka seli ya kumbukumbu, nikawasha hali ya mazoezi, hakuna pesa halisi. Mbio ya kwanza imelei mara moja tu, safi. Ya pili shiti imenyamaza kimya, makro haifanyi kitu wala haitoi ujumbe wa kosa.

Fundi_Seli:
Umezima EnableEvents, ile swichi inayoruhusu makro kujiwasha seli ikibadilika, mwanzo wa makro?

Kitunguu_Maji:
Ndiyo, ili isijiite yenyewe kila inapoandika kwenye seli. Mwisho wa makro naiwasha.

Fundi_Seli:
Basi ilikwama katikati, haikufika kwenye mstari wa kuwasha. Weka On Error GoTo, iruke hadi mwisho na kuwasha hata ikikosea. Kwa sasa fungua dirisha la VBA, pale unapoandikia makro, andika Application.EnableEvents = True kwenye kidirisha cha Immediate, bonyeza Enter.

Kitunguu_Maji:
Imeamka. Naiacha kwenye mazoezi mpaka niandike kutoka kwa 6.0. Daftari nimenunua leo, kurasa 96.