Mieleka ya zamani na ya sasa: ni pambano gani linalosimama hata sauti ikizimwa?

Mjomba wa Kibokoni anauliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu wapenzi wa mieleka. Swali hili limenikaa kichwani tangu Disemba 2025, nilipoketi na mpwa wangu wa miaka 14 kutazama pambano la mwisho la John Cena, lile ambalo Gunther alimkaba huko Washington hadi akagonga mkono kusalimu amri. Kijana alilia. Nikamwambia kuwa sisi pia tulilia tulipokuwa na umri wake, naye akataka kujua tulimlilia nani. Nilipomfungulia mapambano ya enzi zetu kwenye simu, hazikupita dakika tano kabla hajaniambia, kwa adabu zake zote, kuwa mieleka ya zamani inakwenda polepole mno.

Mimi niliijua mieleka katika banda la video huko Majengo: mabenchi ya mbao, pazia la gunia mlangoni, na runinga moja iliyowekwa juu ya kabati ili hata walioketi nyuma waione. Kanda zilitufikia bila mpangilio wowote. Ya mwaka 1998 tuliweza kuiona kabla ya ile ya 1992, na aliyefukuzwa kazi wiki hii alirudi wiki ijayo akiwa kijana zaidi. Mwenye banda, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akizima sauti kwa sababu wengi wetu hatukukifuata kile Kiingereza cha mbio cha watangazaji, kisha akasimama kando ya runinga na kutusimulia mwenyewe. Siku ambazo koo lilimuuma tulitazama kimya kimya. Hapo ndipo nilipojifunza kumtambua mtu mbaya kwa mwendo wake tu, kwa namna anavyomsogelea mwamuzi, na kwa mahali mkono wake unapokwenda mwamuzi akigeuza uso.

Tangu hapo hicho ndicho kipimo changu: zima sauti, kisha tazama kama bado unajua kila mmoja anataka nini na anaogopa nini. Wiki iliyopita nilikitumia kuipima WrestleMania, lile onyesho kuu la kila mwaka la kampuni ya WWE, ya tarehe 1 Aprili 2001, iliyofanyika Houston, ambayo wengi huihesabu kuwa onyesho bora kuliko yote. Pambano la ngazi, meza na viti lilisimama imara. Jeff Hardy ananing'inia kwenye mikanda ya ubingwa iliyotundikwa juu ya ulingo, ngazi imeondolewa chini yake, Edge anaruka kutoka ngazi nyingine na kumkumba kiunoni hewani, na wote wawili wanaporomoka hadi kwenye turubai. Hapo hahitajiki mtangazaji. Lakini pambano la mwisho, la Steve Austin na The Rock, lilinitatiza. Austin anapopeana mkono na Vince McMahon, mwenye kampuni, baada ya kumpiga mwenzake kwa kiti cha chuma mara zisizohesabika, uzito wote wa tendo hilo umo katika miaka waliyokuwa mahasimu. Pale bandani wenzangu wawili waliamini kuwa yule mzee wa suti ni babake Austin aliyekuja kumsaidia mwanawe, na hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kuwapinga.

Basi naomba mnisaidie. Kwa kipimo hiki, ni pambano gani la zamani nimwonyeshe kijana huyu ili aone kile tulichokiona sisi?

Mzee wa Tononoka anajibu:

Waaleikum salaam, mwanangu. Swali lako limenigusa, kwa sababu nimeitazama mieleka tangu kanda zilipokuwa zikiazimwa dukani kwa siku moja na faini ya kuchelewesha ikiandikwa daftarini.

Mwonyeshe Randy Savage na Ricky Steamboat, tarehe 29 Machi 1987, katika uwanja wa Silverdome huko Pontiac, Michigan. Najua kila mtu hulikumbuka onyesho hilo kwa sababu ya Hulk Hogan kumnyanyua Andre the Giant, na idadi ya watazamaji iliyotangazwa siku ile, yaani watu 93,173, inabishaniwa hadi leo. Pambano la Hogan na Andre si baya, lakini kijana wako ataliona zito, na atakuwa na haki yake. Andre alikuwa mgonjwa wa mgongo, aliweza kufanya machache tu, na hakuishi hata miaka sita baada ya siku ile. Ukimfungulia, mwonyeshe mwanzo wake: Hogan anajaribu kumbeba mapema mno, uzito unamwangukia kifuani, na nusura mwamuzi amalize hesabu ya tatu, ile inayomaliza pambano mabega yakiwa chini. Tangu hapo Hogan anatembea akishika kiuno. Atakapomnyanyua hatimaye, kijana atakuwa ameshaelewa gharama yake.

Savage na Steamboat ni habari nyingine kabisa. Miezi michache kabla ya siku hiyo, Savage alikuwa amemuumiza Steamboat koo kwa kutumia ile kengele ya ulingo. Mtu asiyeijua habari hiyo ataijua katika dakika za mwanzo tu, maana Steamboat anamkamata Savage koo kwa mikono miwili, anamnyanyua hadi miguu inaning'inia, na kumshikilia hapo akimtazama machoni. Watu hawa hawakuacha jambo kwa bahati. Savage alikuwa na desturi ya kupanga pambano lake hatua kwa hatua, na Steamboat mwenyewe ameeleza mara nyingi jinsi walivyoandika kila hatua na kuulizana mmoja mmoja hadi wakazihifadhi, kama watoto wa chuo wanavyosikilizana sura kabla ya kumkabili maalim.

Dakika zake hazifiki 15. Hakuna pumziko, na kila hesabu inayokatika kwenye mbili inamsogeza mtu kwenye ukingo wa kiti. Mwisho wake ni wa haki pia: Savage anaifuata tena kengele ileile, George Steele aliyekuwa upande wa Steamboat anamvuruga, na Steamboat anamkunja mwenzake kama mkeka hadi hesabu inatimia. Aliyejeruhi kwa kengele ameponzwa na kengele. Kipi cha polepole hapo?

Bi wa Likoni anajibu:

Shikamoo, mzee wangu. Nakubaliana nawe kuhusu Savage na Steamboat, lakini kipimo cha kaka yetu wa Kibokoni nakipinga, kwa sababu kinaitupa nje sauti muhimu kuliko zote, nayo ni sauti ya watazamaji.

Chukueni Toronto, tarehe 17 Machi 2002, The Rock dhidi ya Hulk Hogan. Kwa mujibu wa hadithi iliyoandaliwa, The Rock ndiye aliyekuwa stelingi na Hogan ndiye mtu mbaya, amerudi akiwa na genge la nWo na ametenda maovu ya kutosha kuchukiwa. Wakaingia ulingoni, na watu zaidi ya 68,000 wakakataa. Walimshangilia Hogan tangu dakika ya kwanza, wakamzomea The Rock, na ukiwatazama usoni wanaume wale wawili unaona wamesikia, na unaona wanaanza kuugeuza mchezo papo hapo. The Rock anakuwa mkali zaidi na mwenye kiburi zaidi. Hogan, mtu wa miaka 48, anaanza kutikisika, ananyoosha kidole, anafanya yale aliyoyafanya miaka ya themanini, na uwanja unalipuka. The Rock alishinda kama ilivyopangwa, lakini mwisho wake akamwomba Hogan asimame katikati ya ulingo awaonyeshe watu misuli yake kama zamani. Ukizima sauti utaona mzee aliyechoka na kijana mwenye nguvu wakipigana ngumi kwa dakika 16 hivi. Utakuwa umeona nini?

Kuna watu hutuambia kuwa tunapoteza muda kwa sababu matokeo hupangwa. Jambo hilo si siri. Tangu mwaka 1989 kampuni yenyewe ya WWE, wakati ule ikiitwa WWF, ilikiri mbele ya maseneta wa New Jersey kuwa kazi yake ni burudani. Usiku ule wa Toronto matokeo yalipangwa, lakini hakuna aliyewapangia watu wampende nani. Onyesho hilo lina kasoro yake, nami sitaificha: waliofuata mwishoni, Triple H na Chris Jericho, walipigania mkanda mkuu mbele ya watu waliokwisha kuchoka.

Kama kaka anashikilia kipimo chake, basi nampa Undertaker na Shawn Michaels, tarehe 5 Aprili 2009, pia huko Houston. Hadi siku ile Undertaker alikuwa hajawahi kushindwa WrestleMania. Anaruka juu ya kamba kwenda nje, Michaels anamvuta mtu wa kamera amkinge, na Undertaker anatua kwa kichwa. Mimi na marehemu kakangu tulisimama sote tukidhani amevunjika shingo. Baadaye anampiga Michaels lile pigo lake la kumgongesha kichwa chini, pigo ambalo watu hawaamki, na Michaels anainua bega. Kamera inamwendea Undertaker usoni. Macho yamemtoka, kinywa kiko wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mtu huyo ana hofu. Uso ule hauhitaji lugha. Walirudiana mwaka uliofuata na Michaels akaaga kazi, lakini mimi bado nalipenda la kwanza.

Kijana wa Bamburi anajibu:

Mimi nimezaliwa baada ya hayo yote, kwa hiyo nawashukuru wakubwa zangu. Naongeza neno moja tu. Kipimo cha kuzima sauti sisi tunakitumia bila kukusudia tunapotazama mieleka ya Japani, kwa kuwa Kijapani hatukijui. Kazuchika Okada na Kenny Omega walikutana Tokyo Dome tarehe 4 Januari 2017 na kupigana zaidi ya dakika 46. Okada ana pigo moja la mkono shingoni: anakushika kifundo, anakuzungusha, anakuvuta, anakukata. Pambano zima ni Omega akilikwepa pigo hilo. Kila Okada anapokishika kifundo kile, hata mtu aliyeanza kutazama jana ataanza kupiga kelele. Juni mwaka huohuo walipigana saa nzima bila mshindi, na mwaka 2018 Omega akaupata mkanda. Nisingemwanzishia kijana wa miaka 14 hapo, kwa sababu ya urefu wake, lakini mwezi wa pili au wa tatu ataweza.

Mama wa Kongowea anajibu:

Nashangaa hakuna aliyemtaja Kofi Kingston, na sisi tuko Afrika.

Ilikuwa alfajiri ya Jumatatu, tarehe 8 Aprili 2019 kwa saa zetu. Nilikuwa nimeamka kukanda unga wa mahamri kama kila siku, na wanangu walikuwa hawajalala. Kofi, mzaliwa wa Ghana, alikuwa ametumika miaka 11 akiwafurahisha watu bila kukaribishwa kwenye mkanda mkuu. Hadithi yenyewe ilihusu hilo: bwana mkubwa akimwekea kikwazo baada ya kikwazo, naye akivivuka. Alipompiga Daniel Bryan teke la mwisho na hesabu ikatimia, alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kuushika mkanda wa WWE. Wenzake wawili, Big E na Xavier Woods, walikuwa wakilia, na watoto wake wakapandishwa ulingoni. Unga wangu uliumuka kupita kiasi siku ile.

Sitanyamaza kuhusu yaliyofuata. Mwezi Oktoba mwaka huohuo walimpokonya mkanda mbele ya Brock Lesnar kwa muda usiotimia sekunde 10. Mtu aliyengojea miaka 11 alistahili kupigana japo dakika kumi kabla ya kuanguka. Wanangu hawakutazama tena kwa miezi kadhaa, na sikuwalaumu.

Mjomba wa Kibokoni anarudi:

Nawashukuru nyote. Jumamosi baada ya sala ya isha niliketi na mpwa wangu, nikamfungulia kwanza Savage na Steamboat nikiwa nimezima sauti, wala sikumweleza lolote. Steamboat alipomnyanyua mwenzake koo, kijana aliniuliza, "Mjomba, huyu alimfanya nini kooni?" Hakuuliza ni nani, wala ni mwaka gani. Aliona kuwa kuna deni linalodaiwa, na tangu hapo hakuishika simu yake hadi mwisho. Alirudisha nyuma mara mbili kuitazama ile kengele.

Kisha, kwa heshima ya Bi wa Likoni, tukalitazama la Toronto kwa sauti ya juu. Nakubali kuwa kipimo changu kina upungufu, na upungufu wenyewe ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Kijana alianza upande wa The Rock, kwa kuwa anamjua kutokana na filamu, na katikati ya pambano nikamsikia analiita jina la Hogan pamoja na umati bila yeye mwenyewe kutambua. Dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani wanagombana. Kijana akamvuta kitini, na tukalianza upya ili mama naye aone.

Pambano la Kofi tumeliweka Jumamosi ijayo, na dada yangu ameshasema tusianze mpaka amalize kukaanga viazi.