Kutafuta faili: kwa nini folda moja hujibu papo hapo na nyengine hukawia?

KaraniWete

Assalamu alaikum. Mimi ni karani wa skuli moja hapa Wete, na kompyuta ya ofisi yetu inatumia Windows 10. Nikitafuta barua iliyomo katika folda ya nyaraka zangu, jibu hutokea hata sijamaliza kuandika neno. Barua za miaka ya nyuma, ambazo nimezihifadhi katika diski ya nje, hunisubirisha dakika nyingi, na mara nyengine naambiwa hakuna kitu ilhali barua yenyewe niliisoma kwa macho yangu wiki iliyopita. Je, diski hiyo imeanza kuharibika?

FundiMlandege

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Kwa maelezo hayo, sioni dalili ya ubovu wa diski. Mtu anayekwenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani haingii ghalani kufungua kasha moja baada ya jengine; hutazama orodha, akapata namba, kisha waraka ukaletwa mbele yake. Kompyuta nayo hufanya hivyo kwa folda zilizoandikiwa faharasa. Wakati wewe unaendelea na shughuli zako, programu hupitia mafaili, huchambua maneno yaliyomo, na huandika katika daftari lake kila neno pamoja na mafaili yote ambamo neno hilo limetajwa. Siku unapotafuta, haifungui barua hata moja, bali husoma daftari hilo.

Kwa kawaida Windows huandikia faharasa folda za mtumiaji tu, na diski ya nje haimo mpaka uiongeze mwenyewe katika mipangilio. Pasipo faharasa, hapana njia ila kupita folda kwa folda. Ikiwa diski yako ni ile ya sahani inayozunguka, kichwa chake cha kusomea huhitaji takriban milisekunde 10 kila kinapohama kutoka sehemu moja hadi nyengine, kwa hiyo mafaili 30,000 yakihitaji mhamo mmoja mmoja tu, zimeshapita dakika 5 kabla hata hayajasomwa yaliyomo. Tena faili la Word la siku hizi la aina ya docx ni furushi lililobanwa, ambalo ni lazima lifunguliwe kwanza ndipo maneno yake yaonekane.

Ama kuambiwa hakuna kitu, sababu yake ni kwamba mahali pasipo na faharasa Windows hutazama majina ya mafaili peke yake, isipokuwa umeiagiza isome na yaliyomo. Ikiwa neno unalolitafuta limo ndani ya barua lakini halimo katika jina lake, utasubiri bure.

MkutubiChake

Maelezo ya fundi ni sahihi, lakini nina tahadhari moja inayotuhusu sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Faharasa ya Windows hulinganisha neno kuanzia mwanzo wake, kama vile mtu anavyofungua kamusi. Kwa lugha ambayo maneno yake hubadilika mwishoni, utaratibu huo unafaa sana. Kiswahili chetu hubadilika mwanzoni. Ukiandika «walimu», barua yenye «mwalimu» pekee haitatokea, na ukiandika «hamisho» ukitaraji kupata «uhamisho», hutapata kitu. Hapa ndipo upekuzi wa polepole, unaosoma herufi kwa herufi, unapoishinda faharasa, kwani wenyewe hauulizi neno limeanzia wapi. Mimi hutafuta mara mbili, kwa umoja na kwa wingi, na si aibu.

Kama unakumbuka jina la faili, ipo programu iitwayo Everything, ambayo husoma moja kwa moja jedwali kuu la mafaili la diski iliyotengenezwa kwa mfumo wa NTFS, yaani utaratibu wa Windows wa kupanga mafaili katika diski. Hupata kipande chochote cha jina, kiwe mwanzoni au katikati, takriban papo hapo. Haikusudiwi hasa kwa yaliyomo, basi usiidai kazi isiyokuwa yake.

KaraniWete

Ahsanteni sana. Sikuiongeza diski nzima, kwa kuwa kompyuta yetu ni kongwe na nilichelea kuilemea. Nimeongeza folda mbili tu za barua, nikaiacha ikiwaka usiku kucha. Asubuhi barua mbili kati ya tatu nilizozikosa zimepatikana, na moja kati ya hizo ilikuwa na «wanafunzi» nami siku zote nikitafuta «mwanafunzi». Ya tatu bado haionekani, ingawa nimeifikia kwa mkono na iko katika folda ile ile.

FundiMlandege

Ifungue, kisha ujaribu kuchagua neno moja kwa kipanya.

KaraniWete

Halichaguliki, maalim. Ilipigwa skani kutoka katika karatasi.

FundiMlandege

Basi kwa kompyuta hiyo ni picha, haina hata herufi moja ya kuandikwa katika daftari. Ama uipitishe katika programu ya kutambua maandishi, ama uipe jina lenye tarehe na mhusika wake leo hii, ukiwa bado unajua iko wapi.