Nibu na wino: manila inaniangusha, nihamie Bristol?

Nibu_ya_Tanga
Wakuu habari za saivi. Mi nachora katuni kwa nibu na wino mweusi, siku zote natumia manila nyeupe za stationeri, sasa juzi nimepata oda ya kurasa sita, nikachora uso wa bibi vizuri kabisa, kufika kwenye makunyanzi ya macho wino ukaanza kutambaa, kila mstari umeota miguu kama jongoo. Nimeumia sana. Kuna mtu kaniambia nitafute karatasi ya Bristol, dukani nimekuta aina mbili, smuthi na velamu, na bei imechangamka. Nichukue ipi? Alafu inapita kwenye printa?

mama_kadi
Pole sana kaka. Manila nyingi zinakunywa wino, huwezi kushindana nazo. Bristol (jina limetoka kule mji wa Bristol, Uingereza) ni karatasi mbili tatu au zaidi zimegandishwa pamoja, ndo maana ni ngumu na inachoreka pande zote mbili, ukiharibu huku unageuza. Kwa nibu chukua smuthi, imebanwa kwenye roli mpaka ikalainika, nibu haikwami na mstari unatoka safi. Ila wino unakawia kukauka juu yake, usikimbilie kupitisha raba.

HB_mpaka_6B
Naongezea kwa wa penseli, smuthi msichukue. Mi nilinunua pedi nzima (shiti nyingi zimefungwa pamoja kama daftari) bila kujua, nikianza kivuli tabaka la kwanza linakaa, la pili linateleza linabaki kung'aa tu. Velamu ina ukwaruzo kidogo, penseli inashika. Na angalieni iwe haina asidi, kazi ya mteja isije ikageuka njano.

mama_kadi
Kuhusu printa, karatasi ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, Bristol nyingi ni 250 na kuendelea, kwa hiyo printa inayozungusha karatasi kutokea chini itakwama. Tumia trei ya nyuma, weka moja moja, na kwenye setingi chagua karatasi nzito. Ila kwa kurasa zako skani tu, hiyo oriji itunze.

Nibu_ya_Tanga
Asanteni sana, dada Mungu akubariki. Bibi namrudia kwenye smuthi A3. Naweza kujaribu kabla sijanunua pedi?

HB_mpaka_6B
Nunua shiti moja kwanza, kama wanauza moja moja. Nenda na nibu yako na wino wako huohuo, piga mistari myembamba ya kukatana, angalia pale inapokatana, wino ukianza kutambaa utauona hapo.