Samari za dischaji: nyie mnaowapokea wagonjwa huko mbele mnataka tuandike nini?

intani_wa_zamu:
Wakuu habari za usiku. Mimi ni intani, daktari niliyemaliza chuo nafanya mwaka wa mazoezi, hospitali moja ya rufaa ya mkoa, naomba nisiitaje, sasa hivi niko wodi ya magonjwa ya ndani. Kwetu kuandika samari za dischaji, ile karatasi ya muhtasari anayotoka nayo mgonjwa, ni kazi ya intani, yaani raundi ikiisha bosi kasema fulani na fulani waruhusiwe, ndugu washaanza kukusanya ndoo na mashuka, mhasibu anadai mafaili, na wewe una rundo mezani, basi unaandika "alilazwa na nimonia, ametibiwa, amepata nafuu, arudi kliniki wiki 2", sahihi, anayefuata. Juzi bingwa kachukua moja akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote halafu akauliza, huyu akizidiwa usiku kule kwao, tabibu wa zahanati atajua nini hapa? Kimya. Chuoni tumefundishwa kuchukua historia na kupima mgonjwa, kumtoa wodini hakuna aliyetufundisha. Sasa nauliza hasa walio upande wa kupokea, mnataka kuona nini? Na tunafanyaje bila kukesha? Fomu yetu ni ya karatasi, GoTHOMIS, ule mfumo wa kompyuta wa hospitali, ipo ila mtandao ukikatika ndio basi tena.

mkunga_wa_bondeni:
Mdogo wangu ahsante kwa kuuliza, maana huku tunapokea karatasi mpaka unajiuliza kama aliyeandika alidhani inaenda kabatini. Mimi ni muuguzi mkunga zahanati ya kijijini. Analetwa mama siku ya nne tangu ajifungue kwa upasuaji, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, nafungua karatasi imeandikwa "upasuaji umefanyika, mama na mtoto salama, ahudhurie kliniki ya mama na mtoto". Napima presha 170 kwa 110. Hapo ndio mama mkwe anakumbuka kusema kule wodini alichomwa sindano za kuzuia degedege! Kumbe alikuwa na presha ya mimba kali na wala haikuandikwa. Na hawa kina mama presha mara nyingi inapanda tena siku ya 3 mpaka ya 6 baada ya kujifungua, yaani akiwa ameshafika kwangu, sasa nisipojua yaliyomkuta nampa panadol anaenda zake.

Mimi nataka niambiwe presha aliyotoka nayo, dawa anayotumia, nimpime tena lini na ikifika ngapi nimrudishe mbio. Hiyo "ikifika ngapi" huwa haiandikwi kabisa. Na namba ya simu ya wodi, sio ya daktari, nyie intani mnahamahama.

mfamasia_mbishi:
Mkunga kamaliza upande wake, mimi niongelee dawa maana ndiko watu wanakoumia zaidi. WHO walipoanzisha kampeni yao ya usalama wa dawa mwaka 2017 moja ya maeneo matatu waliyoyakazania ni hapo hapo mgonjwa anapohama mkono mmoja kwenda mwingine. Intani anaandika dawa za kwenda nazo nyumbani tu, basi. Haandiki alizokuja nazo zimeishia wapi. Mzee wa sukari kaingia anatumia metformini, figo zikasumbua, kreatinini (kipimo cha figo) juu, ikasimamishwa wodini, sawa kabisa. Anarudi nyumbani boksi la metformini lipo pale pale juu ya kabati na hakuna aliyemwambia kitu, anaendelea kumeza kama kawaida. Mwingine ana Lasix za zamani, hospitali imempa furosemidi, anameza zote mbili akidhani ni dawa tofauti, kumbe ni ile ile.

Kwa hiyo andika: hizi anaendelea nazo, hizi mpya, hizi ZIMESIMAMISHWA na kwa nini, neno moja linatosha, "figo". Kila dawa iwe na siku ya mwisho au uandike ya kudumu. Insulini andika yuniti kwa kirefu, ile U ya haraka haraka 10U inasomwa 100 na mtu anazimia. Nimeshapigiwa simu na duka la dawa kuuliza hiyo ni sifuri au ni nini.

mtoto_wa_mzee:
Samahani wakuu mimi si mtu wa afya, nauguza tu baba. Mnaongea mkunga, mfamasia, tabibu, ila mtu wa kwanza kushika hiyo karatasi ni sisi, na imeandikwa kiingereza cha daktari, BD sijui TDS. Nesi alituelekeza mlangoni wakati tunatafuta bajaji, nani atakumbuka? Hata mistari minne ya kiswahili chini pale, akiona hivi na hivi mrudisheni, ingetosha. Na mtuulize turudie tulichoelewa kabla hatujatoka, mama aliitikia "ndiyo dokta" kila kitu na hakushika hata kimoja.

dokta_wa_raundi:
Nyote mna haki ila mkimjazia huyu kijana yote haya ataandika kurasa tatu ambazo hakuna atakayezisoma. Nimeziona samari ndefu za kompyuta, mtu kakopi maelezo ya kila siku kuanzia kulazwa, ugonjwa wenyewe uko ukurasa wa pili. Marekani Joint Commission, shirika linalokagua hospitali, waliwahi kudai vitu sita tu: sababu ya kulazwa, yaliyoonekana, alichofanyiwa, hali aliyotoka nayo, maelekezo kwa mgonjwa na familia, sahihi ya daktari. Vinakaa ukurasa mmoja.

Ujanja ni usiianze siku ya kuruhusu. Ianze siku anayolazwa, iweke mbele ya faili, kila dawa ikibadilishwa kwenye raundi unaongeza mstari hapo hapo. Siku ya kutoka unabaki na hali yake na maelekezo. Halafu majibu ambayo hayajarudi, kalcha (kuotesha vijidudu), histolojia (kipande cha nyama), hayo yana tabia ya kufika maabara mgonjwa akiwa yuko kijijini na yanakaa huko. Andika kipimo gani kinasubiriwa na nani atakifuatilia, kwa cheo.

intani_wa_zamu:
Nimechukua, kesho naanza na waliolazwa leo. Dokta swali moja. Dada ana TB na VVU, mume hajui hali yake, na mume ndiye atakayebeba karatasi. Niache VVU nje?

dokta_wa_raundi:
Usiache. Kama yuko kwenye rifampisini ya TB, dolutegraviri yake ya VVU inabidi iwe mara mbili kwa siku badala ya moja, wa kule asipojua atairudisha moja. Fanya mbili: ya mkononi iwe na maelekezo tu, ile kamili ifunge kwenye bahasha kwa mganga mfawidhi. Lakini muulize kwanza yeye mwenyewe anataka ipitie kwa nani.

mkunga_wa_bondeni:
Na bahasha ipigwe muhuri kwenye mkunjo, maana huku mpaka mwenyekiti wa kitongoji husoma. Piga na simu kituoni siku hiyo hiyo useme inakuja.