Hizi dawa za chupa za zamani za kutibu kila kitu, watu waliziamini aje?

binti_kayole
Wadau habari zenu. Mamangu ako na sukari mwaka wa tisa sasa, anajidunga insulini asubuhi na jioni. Juzi kwa matatu akitoka Muthurwa kukaingia jamaa na begi la chupa, eti dawa moja inamaliza sukari, presha, vidonda vya tumbo na hata kansa, mia tano tu, akanunua mbili. Nimekuja kugundua ameacha sindano siku mbili!! Kumwuliza, akanitolea kikaratasi kimejaa shuhuda, huyu alikuwa akatwe mguu, huyu alikuwa kipofu. Amerudi kwa sindano baada ya mimi kulia. Nimesikia hata Wazungu zamani walikuwa wanauziana vitu kama hizi. Zilikuwa na nini ndani na zilikomeshwa aje? Nataka kitu ya kumwambia mathe bila kumgombeza.

kemisti_umoja
Pole sana dadangu. Kwanza mpime sukari leo leo, na ukiona anatapika, anapumua haraka ama kiu haiishi, usingoje asubuhi, peleka hospitali.

Sasa hizo chupa. Kulikuwa na William Radam, mtunza bustani wa Texas, miaka ya 1880 aliuza dawa ya kuua vijidudu iliyoandikwa inaponya magonjwa yote. Ikipimwa ilikuwa karibu maji matupu na asidi ya salfa kidogo. Zingine zilikuwa na kitu kweli na hapo ndio shida, ile ya Lydia Pinkham ya kina mama ilikuwa na pombe karibu asilimia 20, na sharubati ya Mrs. Winslow ya watoto wanaoota meno ilikuwa na mofini. Mtoto ananyamaza, mama anaona dawa inafanya kazi, wengine hawakuamka tena.

Sheria kubwa ya kwanza ya Marekani nzima kuhusu hizi dawa ni ya 1906, lakini hiyo ilitaka vitu kama pombe, mofini na kokeni ziandikwe kwa lebo. 1911 mahakama ya juu zaidi huko ikasema uongo kuhusu kuponya haumo kwa hiyo sheria, na kesi yenyewe ilikuwa ya dawa ya kansa, fikiria.

mzee_wa_makadara
Tusiwaone hao wa zamani wajinga. 2011 magari yalikuwa yanatoka hapa Nairobi yakivuka mpaka hadi Loliondo, Tanzania, kunywa dawa ya Babu, kikombe shilingi 500 za huko, na kuna wagonjwa waliaga kwa foleni kabla wafike. Mtu akiambiwa ugonjwa wake ni wa maisha, atasikiliza yeyote anayemwambia utaisha. Mama yako amechoka na sindano binti yangu, anza hapo.

nesi_wa_usiku
@binti_kayole hiyo karatasi ya shuhuda ndio jibu lako. Kulikuwa na dawa Marekani inaitwa Banbar, ya sukari kabisa, imetengenezwa na mmea wa equisetum, na ilikuwa inauzwa wakati insulini ishapatikana, maanake insulini mgonjwa wa kwanza alidungwa Toronto Januari 1922. Mwenye Banbar alikuwa na barua kibao za watu wakishukuru wamepona. Serikali ikamshtaki, ikaenda kutafuta walioandika, na wengi ikapata vyeti vyao vya kifo, wameuawa na sukari yenyewe. Barua upande huu, cheti upande huu. Na bado akashinda kesi! Juu sheria ya 1912, ile ilikuja kukataza uongo wa kuponya, ilitaka ithibitishwe alikusudia kudanganya, na yeye alikuwa na barua za kuonyesha anaamini. Hiyo mwanya ilizibwa 1938, baada ya dawa nyingine ya maji kuua zaidi ya watu 100 mwaka wa 1937, wakiwemo watoto.

Mimi hufanya wadi, nimepokea watu wameacha insulini juu ya chupa kama hiyo. Aliyekufa harudi kwa matatu kusema haikumsaidia.

binti_kayole
Asanteni sana, sukari imeshuka kidogo, bado napima. Nimemsomea mathe hiyo ya barua na vyeti usiku tukikula. Amenyamaza kitambo, akachukua karatasi yake, akavaa miwani akatafuta namba ya simu ya yule wa mguu ampigie. Hakuna namba hata moja. Chupa ya pili amenipa mwenyewe, bado imefungwa. @mzee nimemwuliza kuhusu sindano, kumbe mapaja yote yamejaa uvimbe na hakuwahi kuniambia. Jumatatu tunaenda kliniki.

nesi_wa_usiku
Huo uvimbe ni wa kudunga mahali pamoja kila siku. Mwambie abadilishe, tumbo, mkono, paja mahali hapana uvimbe, na waonyeshe hiyo Jumatatu kabla ya kitu kingine.